Neno la Kumwambia Kwandu

Kazimili alisimama, akageukia ukuta, akausalimia kwa Kiingereza.

"Good morning," aliuambia. "I speak English. I say the bees are many."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Febronia hakucheka. Alikuwa na chaki mkononi na hasira mpaka kwenye nyusi.

"Kazimili, huo ukuta utakujibu lini?"

"Nimekosea neno, mwalimu?"

"Hujakosea hata moja. Hilo ndilo linaloniudhi."

Ubaoni maneno manne yalikaa kwa foleni: say, tell, speak, talk. Wiki nzima mwalimu alikuwa akiyapigania. Aliwaambia wazi kwamba Waingereza ni watu wa ajabu, mdomo mmoja wameukatia vyumba vinne, lakini nyumba ni yao na mpangaji habomoi. "Speak" ni kuwa na lugha kinywani. Hata peke yako porini unaweza. "Say" ni kutoa maneno, yamfikie mtu au yasimfikie, shauri yake. Ila "tell" lazima awepo wa kuambiwa. Na "talk" lazima wawepo wawili, neno liende na kurudi, kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Kazimili aliyajua yote manne. Akipangwa na Rogasian, anamwambia hili na lile mpaka umnyamazishe. Akipangwa na Kwandu, "tell" na "talk" zinakufa. Zinabaki "say", "speak" na ukuta.

Na hao wawili, Kazimili na Kwandu, ndio waliotakiwa. Ijumaa mradi wa asali ungemtuma mgeni kuchagua wakalimani wa kwenda vijiji vya wafuga nyuki, mwanamume na mwanamke, wote wajue Kisukuma. Darasa la Nyamigogo lilikuwa na Msukuma mmoja wa kiume na mmoja wa kike, basi. Wakishindwa, mradi ungehamia darasa la kata nyingine, na hili la Febronia, lililoishi kwa mradi huo, lingefungwa.

"Nibadilishie mwenzangu, mwalimu," Kazimili alisema, macho chini.

"Nikupe nani? Una Kwandu mwingine mfukoni?"

"Huyu mama si wa kuongea na mimi."

"Kwa sababu ni mwanamke?"

"Kwa sababu ni yeye."

Rogasian, mtu wa Nyabusozi asiyeshiba utani, akadakia: "Ticha, waache. Wasukuma hawaongei hivihivi. Waletee kwanza ng'ombe awe mkalimani!"

Kwandu alicheka chini ya kitenge chake, na hapo ndipo Febronia alipoumia zaidi. Mama hodari wa maneno, karibu analingana umri na Kazimili, lakini Kazimili akiingia tu anavuta kitenge mpaka machoni na kuhamia benchi la mlangoni. Juzi Febronia aliwaona njiani. Kazimili, alipomwona Kwandu anakuja na ndoo kichwani, aliacha njia, akatumbukia kwenye shamba la mihogo la watu, akasimama humo amegeuka kando hadi mama akapita. Wala hakumpokea ndoo! Febronia alizaliwa Ngara, hapa Biharamulo hakuwa hata na mwaka, lakini dharau, alijiambia, haina kabila.

Siku iliyofuata alimvuta Kwandu pembeni.

"Mama, huyu mtu mmegombana?"

"Hatujagombana, mwalimu."

"Basi ana nini?"

"Hana neno. Ni mtu mzuri sana."

Febronia alisonya. Ndivyo tulivyofundishwa, aliwaza. Mtu anakukanyaga, nawe unamsifu viatu.

Ijumaa mgeni alifika, mama wa kizungu mpole, mwepesi wa kutabasamu. Alimsikiliza Kwandu, akatikisa kichwa kwa furaha. Alimsikiliza Kazimili, akafurahi zaidi. Kisha akamwonyesha Kwandu kwa mkono.

"Now tell her how you take the honey."

Febronia alifumba macho.

"I say," Kazimili aliuanza ukuta, "the smoke is first..."

"No, no. Tell her. Talk to her."

Mgeni akadhani ni haya tu. Akaenda benchi la mlangoni, akamshika Kwandu mkono, akamwinua, akamleta hadi mbele ya Kazimili, uso kwa uso. Kwandu alivuta kitenge, lakini mkono mmoja ulikuwa wa mgeni.

Kazimili alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukutani. Jasho lilimtiririka. Ili aufikie mlango ilimbidi apite ubavuni kwa Kwandu, karibu kugusana. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha mwanamume mzima, shati limechomekewa, akapanda dirishani na kuruka nje. Walisikia mahindi yakivunjika huko alikokimbilia.

Mgeni alishukuru kwa adabu zote, akapanda gari, akaenda kata ya pili.

Wanafunzi walitawanyika. Febronia aliitupa chaki, ikapasuka sakafuni.

"Umeona, mama? Darasa limekufa! Kazi yako imeondoka na lile gari! Na yote ni kwa ajili ya mwanamume mmoja anayekudharau mchana kweupe, nawe unamfunikia aibu yake kwa kitenge chako. Mpaka lini?"

Kwandu alikishusha kitenge mabegani. Alimtazama mwalimu kwa mshangao wa kweli.

"Ananidharau? Mwalimu, mimi nimeozesha mabinti wawili. Katika wakwe zangu, mwenye heshima ni huyo aliyepita dirishani."