Mestini ya Shaweji

Tangu arudi vitani, Shaweji alikula peke yake mlangoni, mgongo ukutani, katika mestini yake, kile chombo cha bati cha askari chenye mpini wa kukunja. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Mama yake, Bi Hidaya, kila adhuhuri alimwachia nafasi kwenye sinia.

Leo wali ulipotengwa, Shaweji aliingia na mestini imejaa maji. Akawanawisha dada zake, kisha mama. Akasita. Halafu akamkabidhi mama ile mestini, akakinga viganja.

"Nimwagie, mama."

"Haya, mwenye nafasi yake kaja," Bi Hidaya akasema, akaanza kumimina.

Dada mmoja akapiga kigelegele. Maji yakaisha, naye mama bado ameiinamisha mestini.