Pipa la Vinka Linavuja

Gazeti lilikuwa limelowa tena.

Nev Purdie alipiga goti kwenye sakafu ya banda, akalitazama doa la maji likitambaa chini ya pipa, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Vinka alisimama nyuma yake na sinia la chai.

"Miaka thelathini na nane umefunga mabomba kiwanda cha maziwa," alisema, "leo pipa moja la bia linakutoa jasho. Au kule maziwa yalikuwa yanajizuia yenyewe?"

"Ni hiki kipira cha kuzibia nati. Hakikai vizuri."

"Wiki hii kipira, wiki iliyopita kipira. Haya, fundi, kunywa chai. Alhamisi ijayo basi."

"Alhamisi," alisema Nev.

Vinka alikiokota kipira kilichotolewa, akakitia kwenye mfuko wa aproni kama kawaida yake. Hakupenda takataka bandani.

Pipa lenyewe lilikuwa la chuma, la lita hamsini, lililobaki klabu ya raga ilipofungwa. Kila mwaka feijoa, matunda ya kijani ya bustanini kwao, zilipoanguka mitini, Ante, mumewe Vinka, alizichachusha na kupika rakia, pombe kali ya kwao, kwa mtambo wa shaba aliorithi kwa baba yake. Hapo mjini Dargaville hakuna aliyeona ajabu, maana sheria inamruhusu mtu kujipikia yake. Ante akafa, na shaba nayo ikapasuka. Ndipo Vinka alipomwita Nev alitoboe pipa ubavuni, atie hita ya umeme, akaze nati, aweke bomba la mvuke juu. Sharti lilikuwa moja tu: umeme hauwashwi mpaka pipa lijazwe maji, likae juu ya gazeti muda wote wa chai, na gazeti libaki kavu.

Ilikuwa kazi ya asubuhi mbili. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya saba.

Kwake Nev, wiki ilikuwa na siku moja. Zile sita nyingine alikula mkate amesimama, kikombe kimoja kwenye sinki, redio ikizungumza na kuta. Tangu mkewe Glenys afariki, alikuwa na tabia ya kusema asante dukani kwa sauti kubwa kidogo, apate kuisikia mwenyewe. Jumapili mwanawe alipiga simu kutoka Perth, wakaulizana hali ya hewa. Lakini Alhamisi kulikuwa na skonzi za jibini, na mtu wa kumtania.

Ndiyo sababu Alhamisi ya pili, alipoona gazeti kavu kabisa na Vinka yuko bado jikoni, aliilegeza nati robo mzunguko. Hakuwahi kuiba hata msumari kule kiwandani. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Wiki ya tatu alikuja na kipira alichokitia chale kwa kisu nyumbani kwake, ndogo, ya kutafutwa kwa miwani. Na ya nne vivyo hivyo, na ya tano, na ya sita, na leo. Kila alipoinywa chai ile aliona haya, na kila mara aliomba kikombe cha pili.

"Hebu njoo uone," Vinka alimwambia kabla hajaondoka. Alifunua dumu la buluu ambamo maji ya feijoa yalikuwa yamechacha. Harufu ilikwisha kuanza kuuma pua. "Ikipita Alhamisi ijayo, hii ni siki. Ante hakukosa rakia hata mwaka mmoja. Nimeachiwa mimi, mwaka wa kwanza tu nashindwa."

Maneno hayo Nev alikwenda nayo nyumbani, yakala naye meza moja wiki nzima. Alikuwa anamwibia mjane.

Alhamisi ya nane alivaa shati safi, akaja na kipira kizima. Alikaza nati mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Alitandika gazeti, akajaza maji, akaenda kunawa jikoni. Bomba lililokuwa likidondoka pale siku zote lilikuwa limenyamaza. Hakuuliza nani amelitengeneza.

Walikunywa chai. Alipoinama kulitazama gazeti, lilikuwa kavu mpaka matangazo ya ng'ombe pembeni.

"Halivuji," alisema. Lilimtoka kwa shida.

Vinka alikizungusha kikombe chake. "Kwa hiyo umemaliza."

"Nimemaliza. Ngoja nilete plagi garini tuwashe."

Kutoka bandani hadi garini ni hatua ishirini. Nev alizifanya sitini. Aliitoa plagi, akairudisha, akaitoa tena. Alijaribu kuiwaza Alhamisi ijayo, akaona itakuwa kama zile siku sita nyingine tu. Akafunga mlango wa gari, akarudi.

Gazeti lilikuwa limelowa.

Vinka alikuwa kitini, mikono mapajani, macho kwenye miti yake nje.

"Limevuja tena, fundi."

Nev alipiga goti. Nati aliyoikaza kwa nguvu zake zote ilizunguka kwa kidole kimoja.

"Na feijoa zako?" aliuliza.

"Siki nayo ina watu wake."

Nev alinyoosha mkono kwenye boksi lake la vifaa achukue spana. Haikuwapo.

Vinka alitia mkono mfukoni mwa aproni, akaviweka kwenye sinia vipira vitano vyenye chale, kimoja kimoja. Kisha, kando yavyo, akaweka spana.