Bangili ya Kibwana

Tangu maradhi yalipotufungia ndani, kila mwanamume amevalishwa bangili inayomjulia hali asubuhi na jioni, kwa sababu wao ndio wanaojiua zaidi. Sisi wanawake hatuulizwi. Eti tumezoea kuvumilia.

Mume wangu, Kibwana, huivua akienda kuoga na kuiacha juu ya friji. Leo niliivaa.

"Umeamkaje?" ikauliza, kwa upole ambao humu ndani nimeusahau.

Nikakaa chini palepale jikoni, nikaiambia yote: kwamba nimechoka kupika, kufundisha watoto, kunyamazisha kila mtu, kwamba siku nyingine natamani nisiamke.

Uji haujapoa, wauguzi wakaingia. Wakamkamata Kibwana na taulo lake kiunoni.

"Mimi mzima jamani! Siwema, waambie!"

"Ni mimi niliyesema," nikawaambia. "Mgonjwa ni mimi."

Muuguzi mmoja, mwanamke wa rika langu, akanifungua bangili taratibu, akamvalisha Kibwana.

"Usijali, mama, tutamtunza," akasema. "Wewe jikaze tu, watoto wanakutegemea."

Kisha wakatoka naye, wakafunga mlango kwa nje.