Hodi kwa Shufaa

Wenye watoto, yasikieni ya Bi Mwanakombo wa Columbus, Ohio, ambako sasa kila mtu anaishi chini ya sheria za chama alichokipigia kura, hata ndani ya nyumba moja. Bintiye Shufaa, aliyetimiza miaka kumi na minane juzijuzi, alikipigia kura chama cha Wasioingiliwa. Kwao hao, mzazi akiingia chumbani bila kuambiwa karibu, anatenganishwa na mwanawe mwaka mzima.

Leo Shufaa ana homa, anakohoa tangu alfajiri.

"Hodi, mwanangu! Nimekuletea uji."

"Mama nawe! Niache, ndiyo kura yangu."

Saa nne redio ikatangaza kuwa Wasioingiliwa wamekitema chama cha wakulima, washirika wao, na kuungana na chama cha Bi Mwanakombo, kinachomruhusu mzazi kuingia bila hodi. Akaipigia simu ofisi ya kura.

"Sasa naruhusiwa kuingia?"

"Bado wanajadiliana, mama. Huenda jioni wakaachana tena."

"Sasa mimi nishike lipi?"

Simu ikakatwa. Akarudi mlangoni.

"Hodi, Shufaa. Sema karibu tu, mama, nakuomba."

Kikohozi kilikuwa kimenyamaza. Akashika kitasa, akakiachia, akakishika tena, akijiuliza kama mwanawe amelala tu.