Njia Fupi ya Kufika kwa Mama

Mhadhiri wa Hisabati Bainifu alijaza ubao nukta na mistari. Kila nukta ilikuwa mtu, na kila mtu alikuwa na mistari mitano, kwa kuwa sheria inakuruhusu kupigiana simu na watu watano tu. Ukimtaka wa sita, unamfuta mmoja.

"Chagueni mtu, mtafute njia fupi kabisa ya kumfikia," alisema.

Tumpe alimchagua mama yake, aliyeko Tukuyu. Hilo lilikuwa jibu la bure: mstari mmoja. Kweli, tangu Pasaka mama hajapiga kumuuliza amekula nini, na yeye akipiga, simu haiiti. Lakini mvua za kule zinajulikana, umeme unakatika ovyo. Akabonyeza jina la mama kwenye simu yake, itafute njia. Njia ikapitia kwa Sekela, anayelala naye chumba kimoja, ikaenda kwa shangazi yake Sekela, ndipo ikafika kwa mama.

Akarudia. Ikawa ile ile. Sekela, aliyekaa ubavuni mwake, akaona, akamwandikia shangazi yake. Jibu lilikuja upesi, akamsomea kwa sauti ya chini.

"Anasema mama yako kapata mjukuu, ikabidi ampe nafasi yako kati ya wale watano. Wewe umeshakuwa mkubwa. Anakusalimu sana."

Kwenye kioo cha simu ya Tumpe, mstari wake wa kwanza bado ulielekea kwa mama, ukaishia hewani.

Mhadhiri akapita nyuma yake, akainama, akaitazama ile njia.

"Safi sana, binti. Hakuna fupi kuliko hiyo."