Siku ya Nne Bila Upepo

Kwa siku ya nne mfululizo, upepo haukuvuma mjini. Mama kijana aitwaye Sikudhani alikuwa uani akifua nepi chini ya mti wa mkungu, popo akaanguka kutoka matawini kando ya beseni. Alidhani amerushiwa jiwe. Akaanguka wa pili, kisha wa tatu, wote wamekufa.

Jirani yake, Bi Mosi, akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Joto linawaua," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala ndani."

"Chini ya bati hilo?"

Sikudhani akaacha nepi, akakimbia. Chumba kilikuwa tanuri. Mbwana, mwanawe wa miezi mitano, alilala macho nusu wazi, ngozi kavu inachoma. Alimwita, hakugeuka.

"Hatoki jasho, Bi Mosi! Wala halii!"

"Mlete huku kwenye maji, mwanangu. Usimfunike!"

Walimvua nguo, wakamlaza mapajani mwa mama yake juu ya kanga iliyoloweshwa, wakawa wanampepea kwa mifuniko ya ndoo. Nyuma yao popo waliendelea kudondoka, na Sikudhani alijikaza asigeuke kutazama.

Hatimaye Mbwana akakunja uso, akatoa kilio chembamba.

"Lia, baba, lia," alisema Bi Mosi.

Sikudhani hakuthubutu kuacha kupepea, ingawa mkono ulikuwa umekufa ganzi. Aliinua macho. Hakuna jani lililotikisika, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.