Mlango wa Nyuma wa Buku

Panya Buku alipofiwa na mumewe, hakutupa kitu chochote cha marehemu. Hata maganda ya karanga alizotafuna mumewe aliyarundika shimoni, mpaka mlango wa nyuma ukaziba.

"Shoga, toa hivi vitu," jirani yake Fuko alimsihi. "Una mtoto humu."

"Nikivitoa, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Masika yakaingia, na maji yakafurika kupitia mlango wa mbele. Buku akayavuta maganda kwa meno na kucha, akayatupa bila kuyatazama, hadi njia ikafunguka. Alipogeuka kumvuta bintiye, maji yalikwisha kumchukua.

Fuko alimkuta ameketi topeni, analia.

"Nilikuwa namlinda aliyekwisha kufa," Buku akasema.

Fuko akaketi naye topeni.